Kufomati Si Kufuta

Mwalimu aliyenifundisha darasa la sita alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi akiwa na kitu kidogo kizito, amekifunga kwa kipande cha khanga.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hiki. Nadhani nimekiharibu."

Nilifungua khanga nikakuta hadidiski ya GB 40, ile ya zamani yenye safu mbili za pini mgongoni. Ilitolewa kwenye kompyuta ya mezani ambayo pawa saplai yake iliungua. Jirani alimwazima adapta ya USB, mjukuu akaichomeka kwenye laptopu, na skrini ikaleta ujumbe kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika: je, uko tayari? "Iliniuliza, nikakubali," akaniambia. "Nilijua ndiyo namna ya kuifungua." Ndani mlikuwa na picha za marehemu mumewe, na matokeo ya mitihani ya wanafunzi wake wa miaka mingi.

Karibu kila kitu tulikipata, na sababu ni mbili tu. Kwanza, alichokubali kilikuwa ni fomati ya haraka. Pili, baada ya kuona diski imekuwa tupu aliogopa, akaichomoa, wala hakunakili faili hata moja juu yake. Hofu hiyo ndiyo iliyookoa picha.

Naanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi wanaoniletea hadidiski za zamani wanaamini kufomati ni kufuta. Fomati ya haraka haifuti mafaili. Ichukulie kama balozi wa nyumba kumi aliyechana daftari lake akafungua jingine jipya lisilo na jina hata moja. Nyumba zote bado zimesimama na watu wamo ndani, ila ukiuliza nani anakaa wapi, hakuna wa kukujibu. Kompyuta inapoandika faili jipya, hapo ndipo nyumba ya zamani inapobomolewa. Ukilielewa hilo, umeelewa mambo mawili kwa mpigo: kwa nini aliyekosea bado ana matumaini, na kwa nini anayeuza diski aliyoifomati haraka anauza na siri zake.

Kwa hiyo ukiipata hadidiski ya zamani, iwe umeitoa kwenye kompyuta ya ofisi, umeinunua mitumba au umeikuta kabatini kwa baba, usianze na fomati. Anza kwa kuuliza ndani mna nini na mwenye nacho ni nani. Ujumbe wa kutaka kufomati hauna maana kwamba diski ni tupu. Maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kusoma daftari, na hilo hutokea kwa sababu nyingi: umeme ulikatika ghafla wakati diski inaandika, au diski ilitumika kwenye Linux au kwenye kompyuta ya Apple, au waya umelegea tu. Jibu la kwanza siku zote liwe hapana.

Tuje kwenye kuifunga. Itazame mgongoni. Yenye pini 39 au 40 katika safu mbili, na pembeni tundu la plagi ya umeme yenye pini nne nene, ni ya IDE. Yenye midomo miwili bapa yenye umbo la herufi L ni ya SATA, aina iliyoanza kuingia sokoni mwaka 2003 na ambayo kompyuta nyingi za mezani zinaitumia hadi leo. Hadidiski za IDE za laptopu ni ndogo, zina pini 44, na umeme unapita humo humo pamoja na data. Hizo zichomeke taratibu mno. Ukikosea safu moja ya pini, umeme unaingia mahali pasipotakiwa na bodi inaweza kuungua kabla hujasikia harufu.

SATA haina mengi: waya wa data, waya wa umeme, basi. IDE ndiyo inayowatesa vijana, kwa sababu kebo moja bapa inabeba diski mbili na lazima kila moja ijue zamu yake. Zamu inapangwa na jampa, kile kidude kidogo cha plastiki kinachounganisha pini mbili katikati ya soketi ya data na ya umeme. Mchoro wake huwa umechapwa kwenye kibandiko cha diski: MA ni diski ya kwanza, SL ni ya pili, CS ni kuiachia kebo iamue. Diski mbili zikiwa zote MA, kompyuta inaweza isione hata moja. Na hapa kuna jambo lililonipotezea siku nzima nilipokuwa ninajifunza: diski nyingi za Western Digital za zama hizo zina mpangilio mmoja wa kuwa ya kwanza ikiwa na mwenzake, na mwingine wa kuwa peke yake. Ukiiacha kwenye MA wakati haina mwenzake, kompyuta inaisubiri kisha inaikataa, nawe unadhani imekufa. Soma mchoro, usikisie.

Kebo nayo ina mwelekeo. Zile zenye nyaya nyembamba 80 zina rangi: mdomo wa bluu unaingia kwenye mazabodi, mweusi wa mwisho unaingia kwenye diski ya kwanza, wa kijivu wa katikati kwenye diski ya pili. Mstari mwekundu ubavuni mwa kebo ni upande wa pini ya kwanza, na kwa kawaida unaelekea upande wa umeme. Kebo ya IDE haikukusudiwa kuzidi sentimita 46, hivyo usiirefushe. Ikikataa kuingia, usiisukume kwa nguvu. Pini moja ikipinda, utatumia nusu saa kuinyoosha kwa ncha ya sindano, na ikivunjika ndiyo basi tena.

Kuhusu umeme nina ombi moja. Madukani kuna viunganishi vya bei nafuu vinavyogeuza plagi ya pini nne kuwa ya SATA. Vile ambavyo kichwa chake kimemiminwa plastiki kikawa kipande kimoja vina sifa mbaya ya kupiga shoti na hata kuwaka, kwa kuwa nyaya ndani zimekaa karibu mno. Chagua vile ambavyo unaona kila waya umeingia kwenye tundu lake na kubanwa. Tofauti ya bei ni ndogo, na kinachokaa upande wa pili wa waya huo ni kumbukumbu za mtu. Halafu, diski ya inchi 3.5 inahitaji volti 12 kuzungusha sahani zake, na USB ya kawaida haitoi zaidi ya volti 5. Ndiyo maana adapta ya diski kubwa huja na chaja yake. Asiyekuwa na chaja hiyo asihangaike, diski haitazunguka.

Skrubu ziwe fupi. Ndefu inaweza kugusa bodi au kusukuma kitu kilichomo ndani. Kwenye mfuniko utaona kijitundu, mara nyingi kimeandikwa onyo kwamba kisizibwe. Hapo diski inapumua ili shinikizo la hewa ndani lilingane na la nje, kwa hiyo usibandike stika juu yake. Kabla ya kushika bodi, gusa chuma cha kasha la kompyuta ili umeme tuli utoke mwilini, kisha shika diski kwa ubavu. Kamwe usifungue mfuniko. Sahani za diski ya kawaida ya mezani zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu. Chembe ya vumbi ya kibandani kwangu, kwa kichwa hicho, ni jabali katikati ya barabara.

Sasa washa, na kabla ya kutazama skrini, sikiliza. Diski nzima inaanza kwa mvumo unaopanda taratibu, kisha mlio laini kichwa kinapotoka kwenye maegesho yake. Ukisikia tak, tak, tak yenye mpigo ule ule, kimya kidogo, kisha tena tak, tak, tak, zima. Kichwa kinatafuta njia na hakiioni, na kila dakika unayoiacha hivyo kinaweza kuwa kinakwaruza sahani zenyewe. Kama ndani mna kitu cha thamani, kazi hiyo si yako tena wala si yangu. Ni ya wenye maabara yenye hewa iliyochujwa. Wale wa kuiweka diski kwenye friji, au kuipiga kofi ubavuni, nawaomba waache. Nimeona diski zilizokuwa na nafasi ya kuokolewa zikifa kwa mikono hiyo.

Ikivuma vizuri lakini haionekani, angalia mambo madogo kwanza: kebo nyingine, tundu jingine, jampa. Huku pwani kuna ugonjwa mwingine. Unyevu na chumvi vinafanya utando kwenye vibati vidogo vinavyounganisha bodi ya chini na ndani ya diski. Kwa diski ambayo haina data ya kuokolewa, unaweza kufungua skrubu za bodi hiyo ya nje tu, ukasugua vibati taratibu kwa kifutio safi cha penseli, ukapangusa, ukarudisha. Nyingine hufufuka hapo hapo.

Halafu pima afya. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo, au smartctl kwa wa Linux, inasoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe imekuwa ikijiandikia tangu ilipozaliwa. Tazama namba chache tu. Mstari wa 05 ni sekta mbovu zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. C5 ni sekta ambazo diski inazishuku na bado haijaziamulia. C6 ni zilizoshindikana kabisa. 09 ni saa ambazo imefanya kazi. Mwaka mmoja una saa 8,760, kwa hiyo yenye saa 35,000 imezunguka miaka minne bila kulala. C7 ikiwa inapanda, usiilaumu diski, badilisha waya. Ila angalia jambo moja linalowadanganya wengi: usipobadilisha mpangilio, CrystalDiskInfo inaonyesha thamani hizo kwa heksadesimali, hivyo 10 unayoiona si kumi, ni kumi na sita. Na adapta nyingine za USB hazipitishi taarifa hizi kabisa. Hapo ifunge diski moja kwa moja kwenye mazabodi.

Ukikuta C5 si sifuri na ndani mna mafaili unayoyataka, usianze kufungua folda moja baada ya nyingine. Piga picha ya diski nzima kwenda diski nyingine kwa programu kama ddrescue, ambayo inachota kwanza penye uzima na kurudia penye ubovu baadaye, kisha tafuta mafaili ndani ya nakala hiyo. Diski ya mwalimu tuliifanyia hivyo hivyo. Hatukuigusa tena ile ya asili.

Data ikiwa imetoka salama, au ukiwa na uhakika kwamba hakuna cha kuokoa, ndipo tufomati. Ajali kubwa hapa ni moja: kufomati diski isiyokusudiwa. Kama unaweza, chomoa diski nyingine zote zisizohusika. Kama huwezi, zitambue kwa ukubwa, ukijua kwamba Windows inahesabu kwa 1,024 na kiwanda kinahesabu kwa 1,000. Diski ya GB 500 itaonekana kama GB 465, ya GB 80 kama GB 74. Hujaibiwa. Lakini diski ya GB 80 ikionekana kama GB 32, rudi kwenye jampa: diski nyingi za IDE zilikuwa na jampa ya kupunguza ukubwa makusudi, kwa ajili ya mazabodi za zamani zilizokwama kwenye diski kubwa. Na kama kompyuta yenyewe inatumia Windows XP ya mwanzo kabisa, isiyo na masahihisho ya Service Pack 1, haitavuka GB 137 hata diski iwe kubwa vipi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, utaona diski zote zimepangwa kwa mistari. Diski yenye partisheni za ajabu za mfumo wa zamani, ambazo dirisha hilo linakataa kuzifuta, isafishe kwa diskpart: andika list disk, hesabu kwa makini, select disk na namba yake, kisha list disk tena uone kialama cha nyota kimekaa mbele ya ile uliyoikusudia. Hapo ndipo uandike clean. Amri hiyo haiulizi mara mbili. Mimi huwa naondoa mkono kwenye kibodi, nasoma mstari kwa sauti, ndipo nabonyeza.

Utaulizwa MBR au GPT. Diski ya zamani iliyo chini ya TB 2 inafaa kwa yoyote. Chagua MBR kama itawasha kompyuta ya zamani yenye bayosi ya kale, GPT kama ni kwa kompyuta mpya. Halafu utaulizwa mfumo wa mafaili. Kama diski itakaa kwenye Windows, NTFS. Kama itahama kati ya Windows na kompyuta ya Apple, exFAT, kwa sababu Apple inaisoma NTFS lakini haiandiki juu yake. FAT32 ibaki kwa redio na televisheni za zamani zisizojua kingine; haipokei faili moja linalofikia GB 4, kwa hiyo video ndefu ya harusi itagoma katikati.

Dirisha la mwisho lina kijisanduku cha fomati ya haraka, na huwa kimeshawekewa alama. Kwa diski ya zamani, kiondolee alama. Tangu Windows Vista, fomati kamili inaandika sifuri kila mahali na kuikagua kila sekta; Windows XP ilikuwa inakagua tu bila kuandika. Hii ndiyo nafasi ya kuilazimisha diski itoe hukumu juu ya zile sekta ilizokuwa inazishuku. Itachukua muda: diski ya SATA ya GB 500 inayoandika MB 80 kwa sekunde itahitaji kama saa moja na dakika arobaini na tano, na ukiipitisha kwenye USB ya kizazi cha pili, inaweza kuvuka saa nne. Weka UPS, au tumia laptopu yenye betri nzuri, na usianze jioni ambayo mgao wa umeme unajulikana. Ikimaliza, rudi kwenye CrystalDiskInfo. C5 ikiwa imerudi sifuri na 05 haikupanda, diski hii inafaa kwa kazi ndogo. 05 ikiwa imepanda, ifomati tena kesho yake. Ikipanda tena, usimpe mtu wala usiiuze.

Kuhusu kuuza na kugawa. Watafiti wawili, Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT, walinunua hadidiski za mitumba 158 na kuchapisha walichokuta mwaka 2003. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa ipasavyo zilikuwa 12 tu. Nyingine zilikuwa na barua za watu, habari za matibabu na namba za kadi za benki. Baadhi ya waliozitupa walikuwa wamezifomati, wakaamini wamemaliza. Kwa diski hizi za sahani, kupitisha sifuri mara moja diski nzima kunatosha. Ndani ya diskpart amri ni clean all. Mwenye duka la steshenari anayetunza vyeti na vitambulisho vya wateja ajue pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake tangu 2019. Kompyuta kuukuu kuondoka dukani hakumwondolei mwenye duka wajibu juu ya kilichomo.

Maoni yangu juu ya IDE ni haya: usiirudishe kazini. Toa data, ihifadhi kwingine, istaafishe, isipokuwa una mashine ya zamani isiyokubali kitu kingine, kama kompyuta inayoendesha mtambo wa kiwanda au wa maabara. SATA yenye afya ina kazi bado: nakala ya pili ya picha, filamu za familia, mafaili ya ofisi yaliyofungwa mwaka. Mfumo wa Windows wenyewe uweke kwenye SSD hata ndogo, na hadidiski ibaki ghala. Lakini isiwe ghala pekee. Bandika kipande cha karatasi ubavuni, uandike tarehe, ukubwa, saa ilizotumika na namba ya 05, ili mwakani ukiipima tena ujue imesogea kiasi gani.

Na kama ipo moja kabatini kwenu ambayo hakuna aliyeifungua miaka kumi, itoe wiki hii. Diski iliyolala muda mrefu huweza kugoma kuzunguka: mafuta ya ndani hukauka, na kichwa hunata kwenye sahani. Ichomeke, ikikuuliza kama uifomati ijibu hapana, na nakili picha kwanza.